Marumaru ya kupaka kwa brashi yakutana na chumvi ya Durban

Na Mwandishi Wetu, Durban

Mama mmoja mwenyeji wa Bukavu, ambaye kwa miaka mingi aliuza ugali, sombe na sambaza za kukaanga nyuma ya saluni moja mtaani Albert Park hapa Durban, hatimaye alipata chumba chake mwenyewe cha kufungua mgahawa. Kilikuwa na kuta nne, mlango mmoja, madirisha mawili yanayotazama uani, na harufu ya unyevu ambayo kila aliyeingia aliisikia lakini hakuna aliyeitaja. Mama alitaka kuta hizo ziwe za marumaru.

Hakuwa na maana ya marumaru ya kuchimbwa mlimani. Alitaka marumaru ya kupaka, ile kazi ya brashi, sifongo na unyoya ambayo huufanya ukuta wa kawaida uonekane kama jiwe la Italia, au mbao, au ngozi, au kitambaa cha hariri. Alikuwa ameiona katika ukumbi mmoja wa harusi. Alikwisha kutoa malipo ya awali ya randi 4,000 na alikwisha kuwatangazia watu wa kanisa lake siku ya kufungua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Aliyezipokea fedha hizo ni mzee ninayefanya naye kazi, fundi rangi tangu ujana wake huko huko Bukavu. Mimi ni msaidizi wake. Msomaji anayenikumbuka kwa taarifa za habari za jioni mjini Bujumbura atashangaa. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kufungwa, nasi tuliokuwa tukizifanyia kazi tukatawanyika. Durban ilinipokea bila kipaza sauti. Nililinda magari ya watu kwa miezi kadhaa, mpaka mzee huyo aliponiona na kuniuliza kama naogopa kupanda ngazi.

Alihitaji mtu wa pili, na sababu yake ni ya kitaalamu. Rangi ya namna hii haipakwi ikaachwa. Kwanza unapaka rangi ya chini, ile nzito inayofunika, na unaiacha ikauke kabisa. Juu yake unaweka rangi nyingine iliyochanganywa na glezi, yaani maji mazito yasiyo na rangi yake, ambayo huifanya rangi iwe kama kioo na ichelewe kukauka. Mara nyingi tunatia sehemu nne za glezi kwa sehemu moja ya rangi. Ikiwa bado mbichi ndipo unaigusa kwa sifongo, au unaifuta kwa kitambaa kilichokunjwa, au unaivuta kwa brashi kavu kutoka juu hadi chini, ili rangi ya chini ichungulie. Mmoja anapaka, mwingine anafuata nyuma yake akiharibu kwa ustadi. Ukingo wa rangi ukikauka kabla mwenzako hajaufikia, mstari unabaki hapo, na mstari huo utauona mpaka siku utakapohama.

Hapa Durban huwezi kujua muda wako bila kwanza kutazama nje. Januari hewa ina maji mengi kiasi kwamba glezi hukaa mbichi muda mrefu na hata kuteremka ukutani kama machozi. Lakini majira ya baridi huja siku za upepo wa moto utokao bara, upande wa milima ya Drakensberg, na siku hiyo rangi hukauka mkononi mwako. Mzee akiuona upepo huo asubuhi hufunga madirisha yote, hunyunyiza maji sakafuni, na hugawa ukuta vipande vidogo. Siku nyingine huahirisha kazi kabisa, ijapokuwa hakuna anayetulipa kwa siku za upepo.

Niseme kwanza kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha kuchagua rangi.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mzee aliniachia nyumba ya bibi mmoja mstaafu kule Bluff, ng'ambo ya bandari. Vyumba viwili, kimoja kinatazama kaskazini na kingine kusini. Mimi, mtu wa vitabu, nilikuwa nimenunua kitabu cha mitumba kilichochapwa Uingereza. Kitabu kilisema chumba cha kaskazini ni baridi, kipewe rangi zenye joto. Chumba cha kusini kina jua, kipewe rangi za ubaridi, bluu na kijivu. Nilifuata. Nilichagua rangi zangu dukani, chini ya zile taa ndefu nyeupe, nikafanya kazi safi ya kitambaa bila mstari hata mmoja.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni pa chumba cha kusini, akaniambia kwa upole kwamba panafanana na mahali alipokwenda kumtambua mumewe. Chumba cha kaskazini, nilichokipa rangi ya embe bivu, kilikuwa kikiwaka kama tanuri kuanzia saa nne asubuhi.

Kitabu kilikuwa sahihi, ila kiliandikwa kwa ajili ya upande mwingine wa dunia. Durban iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hapa hupita upande wa kaskazini mwaka mzima, na dirisha la kusini muda mwingi halipati ila mwanga wa mbingu, mwanga wa kibluu usio na joto. Nami nilitoka Bujumbura, nyuzi tatu tu kutoka ikweta, ambako Juni jua hupita kaskazini na Desemba hupita kusini, na hakuna anayejali dirisha lake linatazama wapi. Sikuwa nimewahi kuwaza jambo hilo maishani mwangu. Tulirudia vyumba vyote viwili kwa gharama zetu, na mwezi huo kodi ya nyumba niliikopa.

Tangu siku hiyo hatuchagui rangi yoyote kwa kadi ya dukani. Tunapaka vibao. Tunachukua mbao nyembamba ngumu, upana wa mkono na kidole, tunazipaka rangi ya chini na ya juu kwa mtindo kamili utakaotumika, kisha tunaziegemeza katika chumba chenyewe: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa ikiwashwa. Rangi mbili zinazofanana dukani huweza kugombana nyumbani. Balbu ya manjano huamsha nyekundu na kuua bluu. Taa ndefu nyeupe hufanya kinyume. Mwenye nyumba anakaa na vibao siku mbili au tatu, na hapo ndipo anapochagua.

Kuhusu rangi ngapi na zipishane vipi, mzee ana kipimo chake. Weka vibao viwili ukutani, rudi nyuma hatua sita, fumba macho nusu. Rangi zikiyeyukiana, zichanganye bila wasiwasi. Moja ikiruka mbele ya nyingine, acha. Nimeona nyumba za watu wetu, hapa Durban na kwa picha wanazonitumia kutoka Bukavu na Kigoma, ambako fundi amegonga sifongo la damu ya mzee juu ya nyeupe, na sebule nzima imekuwa kama mtoto mwenye surua. Kosa liko katika umbali kati ya rangi, wala sifongo halina hatia. Rangi tatu za ukoo mmoja, ya kati, ya giza kidogo na ya nuru kidogo, ndizo zinazodanganya jicho vizuri, na ile ya nuru ndiyo huwekwa mwisho.

Turudi Albert Park. Tulimpelekea Mama kadi za rangi za Plascon na Dulux, na zikamchanganya tu. Majina ya Kiingereza ya kadi hizo yametungwa na watu wenye njaa ya mashairi. Hayakuambii chochote kuhusu rangi yenyewe. Mzee alizikunja, akamwuliza kwa Kiswahili chao cha Kivu anataka ukuta wa rangi ya kitu gani.

Hapa lugha yetu ina msaada ambao mafundi wengi hawautumii. Ukiondoa nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi nyingi katika Kiswahili ni vitu: kijivu ni jivu, kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Tuna maji ya kunde, tuna samli, tuna damu ya mzee, ambayo hakuna kadi ya dukani itakayothubutu kuiita hivyo. Na kazi ya rangi ya kuiga ni kuiga vitu. Mtu akikutajia kitu, anakupa pamoja na rangi yake ule mwanga alioizoea, na namna isivyo sawa kote. Jivu si kijivu kimoja, mtu yeyote aliyepika kwa kuni analijua hilo.

Mama alifikiri, akasema anataka nyeupe ya hoteli yenye mishipa ya jivu. Mzee akamwuliza tena, safari hii kuhusu chakula: sahani yake ikifika mezani, anataka ionekane vipi? Mama hakulitegemea swali hilo. Akasema basi, labda iwe kama ugali wa muhogo uliodondokewa na mawese.

Madirisha yake, nimekwisha kusema, yalitazama uani, na ua uko kusini. Tuliweka vibao viwili. Cha marumaru nyeupe yenye jivu, ambacho dukani kilikuwa kizuri mno, saa saba mchana kiligeuka bluu, na sahani ya sambaza iliyowekwa mbele yake ikaonekana kama chakula cha jana. Cha pili, rangi ya udongo wa manjano iliyofunikwa na nyekundu-kahawia nyepesi kwa brashi pana ya kukatisha huku na huku, kiliushika ule mwanga mdogo na kuurudisha kwenye nyuso za watu. Mama aliona. Lakini hakufurahi. Alisema, na nanukuu kwa kumbukumbu: "Papa, hii ni rangi ya nyumba ya udongo. Mimi nimetoka kwenye nyumba ya udongo."

Hakuna aliyemjibu siku ile.

Kesho yake likaja tatizo kubwa kuliko rangi. Mzee ana kawaida ya kupima unyevu kabla ya kufungua kopo lolote: hubandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote nne, na kukiacha usiku kucha. Asubuhi, matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho la hewa, fungua madirisha. Matone yakiwa nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Tulibandika vinne. Vile vya juu vilikuwa vikavu. Viwili vya chini, upande wa ua, vilikuwa vimelowa nyuma yake. Tulipokwangua rangi ya zamani pale chini, ilitoka kwa mapande makubwa kama ganda la mhogo, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe. Mzee akauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Majirani walitueleza kwamba mafuriko ya Aprili 2022, yale yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo hili la KwaZulu-Natal, yaliujaza ua ule maji, na bomba la chini halijawahi kutengenezwa sawasawa tangu hapo. Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta katika utambi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, na chumvi waliyoibeba njiani hubaki hapo na kusukuma nje chochote kilichoifunika. Ukiifunika kwa rangi ya plastiki, glezi na vanishi juu yake, kama kazi ya marumaru inavyodai, umeifungia ndani. Itatoka. Pengine baada ya miezi sita, pengine baada ya mvua za kwanza.

Hapo ndipo palipokuwa na majaribu, na sitaki kumfanya mzee malaika. Marumaru ya kuta nne ndiyo kazi yenye malipo makubwa. Alikuwa na karo ya binti yake mbele yake. Angeweza kuipaka, ikang'aa siku ya kufungua, picha zikapigwa, akalipwa, na baadaye akalaumu mwenye jengo. Wako wanaofanya hivyo. Na fundi mgeni anayesimama kona ya barabara na rola yake na kibao cha kujitangaza hana sababu nyingi za kukataa kazi. Usiku ule alinipigia simu mara mbili akinieleza hesabu zake, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia.

Asubuhi alimwambia Mama ukweli: marumaru haiwezekani katika ukuta ule, na pale chini, hadi usawa wa kifua, panafaa kitu kimoja tu kwa fedha alizonazo. Chokaa.

Nilidhani Mama atatufukuza. Chokaa! Kwetu Bujumbura chokaa hupakwa kwenye mashina ya miti na mawe ya kando ya barabara mkuu wa nchi akitarajiwa kupita. Ndiyo rangi ya shule za msingi na vyoo vya soko. Alituuliza kama tunadhani wateja wake watalipa fedha kula ndani ya zizi.

Nilitoa simu, nikamwonyesha picha. Hii ndiyo sehemu yangu pekee katika kazi nzima ambayo nasikia fahari nayo. Nilimwonyesha nyumba za Lamu za karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zenye zidaka safu juu ya safu, zilizochongwa katika lipu ya chokaa. Nilimweleza kwamba wenye nyumba zile walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pwani, wenye vyombo vya kichina vya kuweka ndani ya vidaka hivyo, na walikaa kwenye chokaa kwa kupenda. Nilimwonyesha Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa ambayo nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Kuta zile zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Wataalamu wa kuzihifadhi wamekuwa wakionya kwamba ukizipiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji hufungiwa ndani na ukuta huoza taratibu. Ni ugonjwa ule ule wa chumba cha Mama, isipokuwa kule ni majumba ya masultani.

Na kuhusu aibu ya kuiga, nilimwambia kwamba watu wa Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano mwaka 79, walikuwa na majumba ambayo kuta zake za lipu zilipakwa na kuchongwa zifanane na vipande vya marumaru, tena miaka mia moja na zaidi kabla ya volkano hiyo. Hata hapa Durban, mkabala na City Hall, jumba la Playhouse lililojengwa kama sinema miaka ya 1930 limepambwa usoni kama nyumba za Kiingereza za karne ya 16. Kila mji una uongo wake ukutani. Mama alisikiliza, akasema yeye hana wateja kutoka Pompeii. Lakini alikuwa amekaa chini, na mwenye hasira hakai chini.

Makubaliano yalikuwa hivi. Chini, hadi usawa wa kifua, chokaa halisi iliyotiwa rangi. Juu yake, palipo pakavu na penye rangi ya zamani iliyoshika vizuri, chokaa haiwezi kukamata, kwa hiyo pangepakwa glezi kwa mtindo wa kuiga chokaa ile ile ya chini. Katikati, mstari mwembamba wa damu ya mzee, kuficha mahali ukweli unapokutana na uongo. Na marumaru? Mama angepata marumaru yake mahali pawili: mbele ya kaunta, ambayo ni ya mbao, na kwenye nguzo moja katikati ya chumba. Malipo yalishuka karibu nusu. Mzee alirudisha sehemu ya zile randi 4,000, na hilo sijawahi kuliona likifanyika, si katika kazi hii wala katika ile yangu ya zamani.

Tulianza kwa kuikwangua sehemu yote ya chini mpaka lipu. Chumvi haioshwi kwa maji, maana maji huirudisha ndani. Husuguliwa kwa brashi ngumu, kavu, na kufagiliwa nje ya nyumba, tena na tena kwa siku kadhaa. Katika nyumba za kale mtu awe mwangalifu na kukwangua, kwani rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, usipige msasa mkavu, na funga pua na mdomo.

Chokaa tuliikoroga hadi ikawa nzito kama maziwa, tukailaza usiku mmoja, tukaichuja kwa soksi ndefu ya kike. Inaunguza ngozi na ni hatari zaidi kwa macho. Glavu na miwani si mapambo. Rangi ya kutia ndani yake haiwezi kuwa yoyote, kwa sababu ukali wa chokaa huzila rangi nyingi. Bluu ya Prussia, kwa mfano, haivumilii. Zinazostahimili ni rangi za udongo na kutu ya chuma: manjano ya udongo, nyekundu, kahawia. Ile poda nyekundu ya sakafu za saruji ambayo wengi wetu tumekulia juu yake, tukiisugua kwa nta kila Jumamosi, ndiyo hiyo hiyo. Tuliinunua kwenye duka la vifaa, pamoja na ya manjano. Uzito wa poda usizidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa, la sivyo kila mteja atakayeegemea ukuta ataondoka na rangi mgongoni.

Mkono wa kwanza wa chokaa ni wa kukatisha tamaa. Unaulowesha ukuta, unapaka nyembamba, na unaona karibu hakuna kitu, kama maji machafu. Mama alipita akatazama, akaondoka bila kusema. Chokaa ikiwa mbichi huwa ya giza na yenye kuonyesha ndani. Ikikauka hupauka sana, na hukauka kwa saa nyingi. Kwa hiyo rangi ya juu, ya glezi, haikuweza kuchaguliwa mpaka ile ya chini imemaliza mikono minne na kukauka kabisa. Tulipoteza siku nne hivi tukisubiri, tukiwa na kalenda ya kanisa kichwani. Kisha mzee alichanganya glezi yake, akapaka kibao, akakiweka juu ya mstari. Nyekundu mno. Cha pili, kilikuwa na mng'ao, chokaa haing'ai. Cha tano ndicho kilichokubali. Niliporudi nyuma hatua sita na kufumba macho nusu, sikuona ukuta unabadilikia wapi.

Nguzo ndiyo iliyokuwa raha yake. Chini rangi ya maziwa yenye mng'ao mdogo, kwa sababu rangi isiyo na mng'ao kabisa huinywa glezi na kuacha mabaka. Juu, mabaka ya kijivu cha kijani na kahawia hafifu, yote yakielekea upande mmoja kwa mshazari, yakilainishwa kwa brashi laini kavu mpaka kingo zikapotea. Kisha mishipa, kwa unyoya. Mzee huushika unyoya kwa ncha ya vidole na kuuviringisha akiuvuta, mkono ukitetemeka kwa makusudi. Mshipa wa jiwe, anasema, ni kama mto Ruzizi unapokaribia ziwa: unagawanyika, unakonda, unakutana tena. Haukati mwenzake kama msalaba, wala mishipa miwili haiendi sambamba kama reli. Na usiijaze. Fundi mchanga hupenda kuonyesha kwamba anajua mishipa, akaweka hamsini. Mzee aliweka saba kwenye nguzo nzima, akafunika kwa vanishi mikono mitatu.

Mgahawa ulifunguliwa siku iliyotangazwa, ingawa vanishi ya kaunta ilikuwa bado inanata na koti la shemasi mmoja likabaki na kumbukumbu yake. Usiku, chini ya balbu za manjano ambazo Mama alikubali kununua badala ya zile taa ndefu, chumba kilikuwa na joto la jikoni. Watu walikula. Nilisikia wanaume wawili kutoka Uvira wakibishana kama nguzo ni jiwe. Mmoja akaigonga kwa kifundo cha kidole, nayo ikalia kama ngoma, kwa kuwa si nguzo hata kidogo: ni sanduku la mbao linaloficha bomba la maji machafu la ghorofa ya juu. Waliicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuona kulikoni.

Chumvi haijaondoka. Mwenye jengo hajatengeneza bomba, na kila baada ya miezi mitatu au minne unga mweupe huchungulia tena chini ya dirisha la pili. Lakini hauna cha kubandua, kwa hiyo hudondoka tu sakafuni. Mama huufagia, halafu huchukua ndoo ya chokaa ambayo mzee alimwachia ikiwa imefunikwa kwa maji, huikoroga kwa mti wa ugali uliozeeka, na kupaka mwenyewe Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa amemfundisha msichana anayemsaidia, na alikuwa akimkemea kwa kupaka nene.